Fundo la Kumi na Tatu

Mwalimu Séraphin Bauma wa Karuba alifundisha watu thelathini na mmoja wa Pinga kwa miezi kumi na minne, wala hakuona uso wa hata mmoja wao. Wao walimwona. Walijua koti lake la kijani lenye vifungo viwili, walijua pengo la jino lake la juu, walijua jinsi alivyofuta ubao kwa kiganja kitambaa kilipomdondoka. Yeye alijua kioo cha kamera tu, cheusi, kipana kama sahani ya kikombe cha chai.

Ilikuwa mwaka 1988. Shirika moja dogo la elimu, ambalo leo halipo tena, lilileta Masisi kamera, taa mbili na fundi aliyeitwa Magloire. Wazo lilikuwa jema. Walimu wenye diploma walikuwa wachache, Pinga, upande wa msitu wa Walikale, ilikuwa mbali, na vijana wa kule waliomaliza shule ya msingi walikuwa wakingoja mwalimu ambaye kila mwaka aliahidiwa na kila mwaka hakufika. Mwalimu asipoweza kwenda, basi sura na sauti yake ziende. Somo lilirekodiwa Masisi, kaseti ikafungwa ndani ya sanduku la bati nyuma ya pikipiki, na kila baada ya majuma mawili, Alhamisi alasiri, ikachezwa Pinga, katika jumba la parokia, kwenye televizyo iliyowashwa kwa mashine ya esanse, yaani petroli. Watu waliita mahali pale shule ya kaseti. Masomo yalikuwa ishirini na manne, ya hesabu na ujenzi, kwa Kiswahili.

Chumba cha kurekodia kilikuwa ghala la maharagwe. Magloire alipigilia mablanketi madirishani ili ng'ombe wasisikike, akapeleka mashine ya umeme chini kabisa kwenye mikaratusi. Siku ya kwanza Mwalimu Séraphin aliuliza swali ubaoni, kisha akajibu mwenyewe hapo hapo. Magloire akazima kamera.

"Hapana vile, mwalimu. Ukisha kuuliza, nyamaza. Hesabu mpaka kumi ndani ya roho."

"Nihesabu kwa nini?"

"Wale wa Pinga njo wanajibu," akasema Magloire. Kwetu "njo" ni "ndio".

"Lakini mimi siwasikii."

"Weye hapana. Wao watasikilizana."

"Na kama wamekosa?"

"Sema 'vizuri sana', tuendelee. Kaseti haina masikio."

Akafanya hivyo. Aliuliza, akanyamaza, akahesabu mpaka kumi, akasema "vizuri sana". Hapo pana jambo ambalo sitalipita kimya. Mwalimu anayesifu jibu asilolisikia anasema neno asilo na haki ya kulisema. Mwalimu Séraphin mwenyewe alilijua hilo tangu siku ile, na lilimkera, lakini alilisema mara mia na zaidi, kwa kuwa kazi ilitaka hivyo. Wengi wetu tumesema maneno mengi kwa sababu hiyo hiyo.

Kile kimya cha kuhesabu kumi kikaingia katika maisha yake. Alitaka sana kujua ndani yake kulikuwa na nini kule Pinga. Je, walijibu? Walicheka? Walikuwa wamelala? Nyumbani aliuliza chumvi iko wapi, kisha akanyamaza akimtazama mkewe Élisabeth bila kupepesa.

"Papa Olga," mkewe akamwambia, kwa jina la binti yao, "mimi hapana televizyo. Nilishajibu zamani. Chumvi iko mbele ya mikono yako."

Kaseti ya tisa ilikuwa somo la kupima pembe ya nyumba. Kila fundi mwashi anajua njia hii: unachukua kamba yenye nafasi kumi na mbili zilizo sawa, unaivuta iwe na pande tatu, upande mmoja nafasi tatu, wa pili nafasi nne, wa tatu nafasi tano. Mahali ambapo upande wa nafasi tatu unakutana na ule wa nafasi nne, pembe inakaa sawa kabisa, na nyumba itasimama wima. Élisabeth ndiye aliyemsokotea kamba ya somo hilo, kwa nyuzi za mkonge, kama kamba zote za vilima vyetu. Kamba ya mkonge inafumuka nchani. Kwa hiyo msokotaji, kabla ya jambo lolote, anafunga fundo kwenye ncha ili isifumuke. Fundo hilo kwetu linaitwa mkia. Hakuna anayelihesabu, kama vile hakuna anayehesabu mpini akisema ana majembe mawili.

Mbele ya kamera Mwalimu Séraphin aliinua kamba na kusema, "Fungeni mafundo kumi na mawili, kila moja liachane na jirani yake kwa mkono mmoja." Yeye alikuwa anaanza kuhesabu baada ya mkia. Akavuta pande tatu, pembe ikakaa sawa. Magloire akafurahi. Kisha mwalimu akasema, "Sasa simamisheni kaseti. Tokeni nje, mupime, murudi." Akanywa maji. Akarudi mbele ya kioo na kuuliza, "Je, kona yenu iko sawa?" Akahesabu mpaka kumi.

"Vizuri sana," akasema.

Miaka miwili baadaye, kazi ya kaseti ikiwa imekwisha kurekodiwa, mchuuzi wa mafuta ya mawese kutoka upande wa Walikale alilala kwao Karuba. Asubuhi aliacha kamba iliyofunga bidoni yake, dumu la mafuta. Mwalimu Séraphin aliiokota. Ilikuwa kamba ya msituni, ule mmea mwembamba unaotambaa juu ya miti, unaolowekwa mtoni mpaka ulainike. Aliipitisha mikononi mpaka nchani akitafuta mkia, kama mkono wake ulivyozoea. Mkia haukuwepo. Kamba ya msitu haifumuki, haihitaji mkia. Akaipitisha tena mpaka ncha ya pili. Hakuna.

Élisabeth alimkuta amekaa chini mlangoni, kamba magotini.

"Kuna nini?"

"Kule Pinga hawana mkia."

"Mkia ya nini? Ya ng'ombe?"

"Ya kamba, Mama Olga. Niliwaambia mafundo kumi na mawili. Wao wameanzia nchani. Wamepata nafasi kumi na moja. Kona yao imelala. Na mimi nikawaambia vizuri sana."

Hakwenda shambani siku hiyo. Alitembea mpaka Masisi kumtafuta Magloire, akamkuta anafunga nyaya ndani ya maboksi.

"Nipatie kaseti moja. Dakika tano tu. Nimewakosesha."

"Kaseti zimekwisha, mwalimu. Mwezi unaokuja zitaletwa zingine."

Mwezi uliokuja shirika lilifungwa, na kamera ikateremshwa Goma ndani ya lile sanduku la bati lililozoea kwenda Pinga. Mwalimu akaandika barua. Ya kwanza aliipa mchuuzi, ya pili akampa padri, ya tatu haikuondoka kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Baada ya hapo ikaja miaka ambayo kila mtu wa Masisi na Walikale anaijua na sina haja ya kuisimulia. Ilikuwa miaka ya kukimbia na kurudi, ya kupanda mahindi ambayo hukujua nani atayavuna. Mwalimu Séraphin alifundisha chini ya hema, alifundisha kanisani, alifundisha kwenye zizi lililofagiliwa. Alizika wanafunzi. Olga, binti yake, aliolewa Goma. Na katika hayo yote ile kaseti ya tisa haikumtoka.

Jioni alisimama nyuma ya nyumba, mahali ambapo vilima vinafuatana kuelekea magharibi, kimoja kijani, cha pili cha samawati, cha tatu kama moshi. Nyuma ya vile alijua iko Pinga. Idadi ya watu wake aliijua kutoka kwenye karatasi ya Magloire: thelathini na mmoja. Majina hakupewa. Akawapa nyuso yeye mwenyewe. Alimweka mmoja mrefu karibu na mlango, msichana mwenye kilemba mstari wa mbele, mzee mmoja aliyekuja kwa kuona aibu. Aliwapenda. Mara nyingine aliwaona wamekaa ndani ya nyumba zilizolala upande, na ukuta unapasuka juu ya watoto wao, nao wanasema: mwalimu alituambia vizuri sana. Hapo alirudi ndani, na Élisabeth alijua ametoka Pinga.

Wapo watakaosema kosa lenyewe lilikuwa dogo, fundo moja la kamba. Sikubaliani nao. Kosa la mwalimu halipimwi kwa ukubwa wake likitoka mdomoni, linapimwa kwa idadi ya walioliamini. Mwalimu Séraphin alifikiri hivyo pia, na ndiyo sababu nimeona maisha yake yanafaa kuandikwa, ingawa hakupata cheo wala medali.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, njia ilitulia kwa majuma machache. Alikuwa na miaka sitini na minane na goti moja bovu. Alimwambia mkewe kwamba anakwenda.

"Miaka yote ile ulikaa," Élisabeth akasema, "sasa mifupa imekauka njo unawaka moto?"

Alinyamaza, akimtazama.

"Usinihesabie kumi, Papa Olga."

Élisabeth alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alikaa barazani na fungu la mkonge, akasokota kamba mpya ndefu, akafunga mkia, akafunga mafundo kumi na mawili, na ule mkia akaupaka rangi nyekundu ya mlango ili mtu yeyote auone. Akaikunja na kuitia ndani ya mfuko pamoja na jibini na viazi vilivyochemshwa.

Motari, dereva wa pikipiki aliyempeleka, aliitwa Déo, kijana wa Masisi mwenye maneno mengi.

"Mzee, Pinga unaenda kuuza nini?"

"Siuzi. Ninaenda kusahihisha."

"Ah, uko inspecteur?"

"Hapana. Kuna kitu nilisema vibaya."

"Lini?"

"Miaka thelathini na sita iliyopita."

Déo alicheka mpaka pikipiki ikakaribia mtaro. "Mzee, mimi vile nimesema vibaya asubuhi hii kwa bibi yangu, na sirudi!" Lakini tangu hapo alipunguza mwendo kwenye mawe, na kwenye kila daraja la miti alishuka na kumshika mzee mkono.

Walifika Pinga siku ya pili, mchana. Mwalimu hakuuliza parokia wala nyumba ya chifu. Karibu na soko palikuwa na nyumba inayojengwa, matofali yamefika kiunoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe yake, akainama, akaweka jicho usawa wa ukuta, akapitisha kiganja huku na huku. Pembe ilikuwa sawa. Juu ya ukuta alikaa fundi wa umri wa miaka hamsini na kitu, mwiko mkononi, akimtazama.

"Papa, unanunua nyumba ao unaiba tofali?"

"Kona hii uliipima kwa kitu gani?" mwalimu akamuuliza.

Kisha akanyamaza, macho yamemkazia fundi, bila kupepesa.

Yule fundi, jina lake Edmond, alianza kujibu akaacha. Aliteremka polepole. Alizunguka mbele ya mzee, akamtazama mdomo, akatafuta lile pengo la jino.

"Saba, nane, tisa, kumi," Edmond akasema, kama walivyohesabu zamani mbele ya televizyo. "Ni weye. Mwalimu wa kaseti!"

Akampigia kelele mtu wa chokaa, akamwita jirani, akaangusha mwiko. Mzee alimshika mkono.

"Ngoja. Nijibu kwanza. Ulipima kwa kitu gani?"

"Kwa kamba yako!" Edmond akaingia ndani ya kuta, akarudi na kamba ya msituni, nyeusi kwa miaka mingi ya mikono. Mafundo yake yalikuwa kumi na matatu. La kumi na tatu lilikuwa limezungushiwa kitambaa. "Hili njo tunaita fundo la mwalimu. Mwashi yeyote wa hapa anajua. Hatuanzi nyumba bila fundo la mwalimu."

Mzee alikaa juu ya matofali. "Mulilipataje?"

"Ile Alhamisi? Tulitoka inje na mafundo kumi na mawili, kona ikalala kama mbuzi amekunywa pombe. Tukarudi ndani tumekasirika. Ukauliza, kona iko sawa? Tukapiga kelele wote, hapana! Aurélie mwenzetu alisimama hata juu ya benchi, hapana! Na weye ukatuangalia, ukasema, vizuri sana. Tukaelewa. Kumbe mwalimu alifanya kusudi! Anatupima kama tuna akili. Tukatoka tena inje, tukatafuta mpaka giza. Aurélie njo alisema tuongeze moja."

"Na nyumba? Hakuna iliyoanguka?"

"Nyumba hapana. Choo kimoja tu, ya katekista. Yeye hakungojea swali."

Edmond alicheka. Mzee hakucheka. Alikuwa amesafiri siku mbili na miaka thelathini na sita kuomba msamaha kwa kosa lake, akakuta kosa lenyewe limegeuka sifa yake. Ule usiku katika nyumba ya Edmond alipewa kitanda kizuri na hakulala vema.

Ilimbidi akae Pinga mpaka Alhamisi, maana Edmond alikataa kabisa kuwakusanya wenzake siku nyingine yoyote. Kati ya wale thelathini na mmoja walikuwa wamebaki tisa. Walikuja katika jumba la parokia, mabati yake mapya, benchi zake zile zile. Aurélie, ambaye sasa ni direktrisi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alileta darasa lake la sita, watoto arobaini waliokaa chini. Walimweka Mwalimu Séraphin mbele, mahali ambapo televizyo ilikuwa ikikaa juu ya meza.

"Watoto," Aurélie akasema, "huyu njo yule alitufundisha tusikubali kitu bila kupima. Mwalimu, waelezee. Ulipataje hekima ya kutupa kosa kwa kusudi?"

Wote walimtazama. Na mimi najua watu wengi, wenye elimu kuliko yeye, ambao hapo wangekohoa kidogo, wangetabasamu, wangeeleza hiyo hekima. Hakuna ambaye angeumia. Watoto wangepata somo zuri. Uongo mwingi unaoishi kati yetu uliingia kwa mlango huo, wa kuwa hauumizi mtu na unafundisha vizuri.

Mzee alitoa mfukoni kamba ya Élisabeth, akaishika kwa ule mkia mwekundu.

"Sikuwapima," akasema. "Nilikosea. Kwetu kamba ina mkia huu, hatuuhesabu. Sikujua kwamba kamba yenu haina. Sikuwa nimewahi kuiona, wala sikuuliza. Niliwafundisha kana kwamba muko wa Karuba. Na ile vizuri sana, sikuwasikia. Ningeisema hata kama mungekuwa mumelala. Nimekuja kuwaambia hilo."

Hakuna aliyesema kitu. Bila kutaka alianza kuhesabu, moja, mbili, tatu. Alipita kumi. Alikuwa amefika kumi na saba Aurélie aliposimama kwenye benchi yake.

"Basi ni sisi," akasema polepole. "Ile akili tuliyokupatia weye miaka yote ile, ilikuwa ya sisi wenyewe."

"Ilikuwa yenu."

Aurélie akawageukia watoto. "Mumesikia? Mwalimu alikosa, wanafunzi wakasahihisha, na mwalimu ametembea siku mbili kusema ni kweli. Hivi njo mutawaambia wengine. Musiwaambie ile ya zamani."

"Na fundo?" Edmond akauliza, kama mtu anayenyang'anywa kitu. "Fundo tutaliita nani sasa?"

"Jina libaki," akajibu mwanamume mmoja wa nyuma. "Aliyelisahau si ndiye huyu?"

Kicheko kikapasuka, na mzee naye kwa mara ya kwanza akacheka. Kisha Edmond akanyoosha kidole kwake, akakaza uso kama kwenye televizyo, na kusema, "Vizuri sana, mwalimu."

Baada ya hapo aliomba kitu kimoja. Alitaka aonyeshwe kila mmoja alikaa wapi. Wale tisa walizunguka benchi moja baada ya nyingine. Hapa alikaa Kitsa, alikuwa mrefu, alikaa karibu na mlango ili anyooshe miguu. Hapa mwanamke aliyenyonyesha wakati wa hesabu. Hapa mapacha. Hapa mzee mmoja aliyekuja kwa kuona aibu na akapata alama kuliko wote. Mwalimu alirudia kila jina kwa sauti. Kwa wale ishirini na wawili ambao hawakuwepo alisimama kidogo mbele ya nafasi tupu, mkono juu ya ubao wa benchi. Nyuso alizokuwa amewapa huko Karuba hazikuwa zao, isipokuwa labda yule mrefu wa mlangoni na yule mzee wa aibu. Ilimbidi aziache zile alizozizoea, na hakuwa na nyingine za kuweka mahali pake.

Alirudi na Déo siku ya Ijumaa. Kamba ya mkia mwekundu iliachwa Pinga, imening'inizwa kwenye msumari shuleni kwa Aurélie, na mfukoni alibeba kamba ya msituni isiyo na mkia.

Élisabeth alikuwa anachambua maharagwe barazani alipomwona anapanda kilima akichechemea. Alingoja mpaka akakaa, akanywa maziwa.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Na wao?"

Mzee alitazama nyuma ya nyumba, kule vilima vinakofuatana, na Élisabeth safari hii akamwachia muda wake wote.

"Walijibu," akasema.